Kuchagua mbao za ndege ya modeli: anza na mzani wa jikoni

Wakuu, kila mtu akiona ndege zangu anauliza mota nimetoa wapi, rimoti bei gani, betri inakaa dakika ngapi. Mbao hakuna anayeuliza. Na ndege nyingi za kujenga mwenyewe zinazogoma kuruka, ukizifungua utakuta mota haina kosa lolote, kosa ni mtu kachukua ubao wa kwanza uliokuja mkononi akakata kila kitu humo humo, mkia, mbavu zinazolipa bawa umbo, mihimili yaani fito ndefu zinazolibeba bawa, wote baba mmoja mama mmoja.

Mi mwenyewe yamenikuta. Ndege yangu ya pili, bawa la mita 1.2, nilijenga mwezi mzima, nikapaka rangi, nikaipeleka uwanjani na watoto wa mtaa nyuma yangu kama harusi, kuiweka kwenye vidole viwili ili niione inavyosimama, mkia ukaenda chini pwaa. Nikaanza kujaza chubwi za kuvulia samaki kwenye pua, moja, mbili, tatu, mpaka nafika gramu 90 ndo ikakaa sawa. Gramu 90 za risasi kwenye ndege ambayo nzima ilitakiwa iwe na gramu 900! Iliruka, ndio, ila ilikuwa inatua kama tofali. Nilikuja kuupima ule mkia baadae, mbao tupu gramu 62, wakati ningechagua vizuri ungekuwa na gramu 30 tu. Sura ile ile, ukubwa ule ule.

Kwa hiyo twende taratibu.

1. Elewa kwanza balsa ni mbao ya namna gani

Hapa naongelea zaidi balsa maana ndo mbao ya kazi hii, nyingine nitazigusa mbele. Mti wake kitaalamu ni Ochroma pyramidale na balsa nyingi inayouzwa duniani inatoka Ekwado. Mti wenyewe unakua kwa fujo, miaka 5 mpaka 8 hivi unakatwa. Ukiwa hai umejaa maji kibao ndani, wakishaukausha kwenye tanuri yale maji yanatoka vinabaki vijumba vitupu, ndo wepesi wake huo. Sasa kwa kuwa kila mti umekua kwa kasi yake na kwenye udongo wake, uzito haufanani hata kidogo: kuna balsa ya kilo 80 kwa mita ya ujazo, kuna ya kilo 250 na kuendelea. Jina moja, rangi karibu moja, uzito mara tatu. Hapa ndo watu wanapigwa.

Bei nayo msinilaumu mimi. Balsa inajazwa ndani ya mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, yale makubwa marefu, na kuanzia kama 2020 mahitaji yalipanda sana hasa China, sisi wa ndege ndogo tukabaki kugombania makombo. Ndo sababu nyingine ya kutotupa ubao ovyo, hata mzito una kazi yake.

2. Pima kila shiti (ubao mwembamba bapa), usimwamini muuzaji

Unahitaji mzani wa jikoni wa kidijitali unaosoma gramu moja moja, rula, na penseli. Basi.

Hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kama shiti lako lina urefu wa milimita 1000 na upana wa milimita 100, ambayo ni saizi ya kawaida, chukua gramu ulizosoma, gawa kwa unene wa milimita, alafu ongeza sifuri. Kwisha. Mfano shiti la milimita 3 limesoma gramu 36: 36 gawa kwa 3 ni 12, weka sifuri, 120, hiyo ni kilo 120 kwa mita ya ujazo, balsa nzuri ya katikati. Lingine la unene huo huo likisoma gramu 60 hiyo ni 200, hilo ni gumu. Kama ni zile saizi za inchi, 3 kwa 36, badala ya kuongeza sifuri zidisha kwa 14 utakuwa umefika karibu kabisa.

Nilishawahi kuagiza pakiti ya mashiti 10 ya milimita 3 mtandaoni, yameandikwa daraja la juu, nyota nyota kibao. Kuyapima: jepesi kabisa gramu 29, zito kabisa gramu 66. Pakiti moja! Sikukasirika sana maana kwa kweli ndege inataka yote mawili, ila ningekata bila kupima ningejikuta bawa la kushoto ni la gramu 29 na la kulia la gramu 66.

Ukishapima andika namba kwa penseli kwenye kona ya kila shiti. Usiseme utakumbuka, hukumbuki.

Kitu kingine kidogo, weka shiti katikati yake juu ya ukingo wa rula uone linalala upande gani. Mashiti mengi yana upande mmoja mzito, maana hata ndani ya gogo moja mbao haifanani. Chora kamshale upande mzito. Ukija kukata ubavu wa bodi, upande ule uelekee puani, ukikata mihimili ya bawa uelekee katikati pale mabawa yanapoungana ambako ndo kuna mkazo, ncha ibaki nyepesi. Bure kabisa hii, haikugharimu kitu.

3. Soma nyuzi, maana uzito peke yake haukwambii yote

Mashiti mawili yanaweza kuwa na gramu sawasawa na moja likakunjika kama karatasi huku lingine likipasuka ukiligusa. Inategemea limekatwaje kwenye gogo.

Fikiria tairi la baiskeli na spoki zake zinazotoka katikati kwenda nje. Gogo la balsa ndani lina miale kama spoki hivi hivi, inatoka kwenye moyo inakwenda kwenye ganda. Sasa msumeno ukipita ubavuni mwa gogo, ile miale inakuja kutokeza usoni mwa ubao kama vichwa vya pini, haiushiki ubao kwa upana. Ubao huo ukiukunja kwa upana unakubali kirahisi, ukiutazama unaona mistari mirefu mirefu membamba. Wazoefu wanauita nyuzi A. Msumeno ukipita kuelekea moyo wa gogo, ile miale inalala kwa upana wa ubao na kuushika kama fito kwenye ukuta wa udongo. Huo ni nyuzi C, mgumu kwa upana, una madoa madoa yanayong'aa ukiugeuza kwenye jua, na ukilazimisha kuukunja unapasuka pah. Katikati yao kuna nyuzi B, mchanganyiko, ndo nyingi utakazopata.

Jaribio lake: shika shiti la milimita 1.5 kwa kingo zake mbili za upana, likunje taratibu kama unataka kutengeneza bomba. Likikubali ni A. Likigoma na kulia ni C, acha hapo hapo usije ukalivunja.

Kazi zake sasa. A ni kwa sehemu za mviringo, kuzungushia pua ya bawa (ukingo wake wa mbele), kufunika bodi la duara, mabomba. Ukililowesha na maji ya moto kidogo linalala lenyewe. Usilitumie kwa mkia wa ubao mtupu, utapinda siku ya pili. C ni kwa vitu vinavyotakiwa kubaki bapa, mbavu, mkia wa ubao mmoja, ukingo wa nyuma wa bawa. Usije ukachukua C ukazungushia kitu cha duara, utalia. B inakwenda karibu popote pasipo na makuu, ubavu wa bodi, viunganishi, vijazio.

4. Gawa mbao kwa kazi, sehemu moja moja

Hapa ndo kwenyewe. Tandika mashiti yote mezani yamepangwa kuanzia jepesi hadi zito, alafu anza kugawa. Nazungumzia ndege ya mafunzo ya bawa la mita 1.2, mota ya umeme, ila mantiki ni ile ile kwa ukubwa wowote.

Mkia ndo unaanza kuchagua, tena unachagua chepesi kuliko wote. Sababu ni ile ya mizani ya sokoni, mkono mrefu na mkono mfupi. Mkia upo kama sentimita 60 nyuma ya pale ndege inapotakiwa kusimama, pua ipo sentimita 20 tu mbele. Kila gramu 1 ya ziada mkiani inadai gramu 3 puani. Ndo zile chubwi zangu 90 zilikotoka. Tafuta kilo 90 mpaka 110 kwa mita ya ujazo, nyuzi C, nyuzi ziende kutoka ncha mpaka ncha ya mkia. Ukipata shiti jepesi namna hiyo lifiche, lisiguswe na mtu.

Mbavu za bawa, kilo 100 mpaka 130, nyuzi C, na nyuzi ziende kutoka pua ya bawa kwenda nyuma. Ukizikata nyuzi zikiwa wima kila ubavu utakatika katikati ukiupiga msasa tu, nimeona watu wamefanya hivo ili wabane nafasi kwenye shiti.

Ubavu wa bodi, 120 mpaka 150, na muhimu kuliko namba ni kwamba kushoto na kulia ziwe pacha. Kata zote mbili kutoka shiti moja au mashiti mawili yenye uzito na ugumu mmoja. Ubavu mmoja ukiwa laini na mwingine mgumu, ukija kuvuta bodi lifungane nyuma linakwenda upande kama ndizi, na bodi la ndizi halinyooki tena.

Pua ya bawa na ukingo wa nyuma, 140 mpaka 170, maana hizo ndo zinazogonga milango, kingo za meza na vichwa vya watoto.

Mihimili sasa, hapa balsa laini usiilete kabisa. Kama unatumia balsa, iwe ile ngumu ya 200 na kuendelea, lile shiti lililokuwa linakukera kwa uzito ndo kazi yake hii, likate vipande vya milimita 6 kwa 6. Mi nanunua mashiti nakata fito mwenyewe kwa rula ya chuma na kisu kikali, fito za kununua zinakuja zimechanganywa na bei iko juu. Bawa likiinuka hewani muhimili wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na mbao inavumilia kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo fito bora zaidi iende juu. Katikati ya mihimili hiyo miwili unaziba na vipande vya balsa ya milimita 1.5, na nyuzi za hivyo vipande zisimame wima. Wima! Watu wanaweka za kulala kwa sababu ni rahisi kukata, alafu bawa linakunjika kwenye mzunguko wa kwanza mkali wanasema mota ina nguvu sana.

5. Mihimili ijaribu mezani kabla ya gundi

Bana fito pembeni mwa meza, sentimita 40 zining'inie nje, ning'iniza kikombe chepesi ncha yake na uweke sarafu ndani, alafu pima imeshuka milimita ngapi. Fanya kwa zote kwa idadi ile ile ya sarafu. Utashangaa, fito za uzito mmoja moja inashuka milimita 12 nyingine 20. Zinazolingana ziende pamoja, moja kushoto moja kulia. Yenye kushuka sana itafutie kazi nyingine.

Na angalia nyuzi zinazotoroka. Ukitazama fito kwa ubavu nyuzi zinatakiwa zikimbie na urefu wake, zikianza juu na kutokea chini katikati ya fito hapo ndo itakatikia, haina mjadala. Kama huoni vizuri weka tone dogo la wino, wino unafuata nyuzi unazionyesha. Kwenye ndege za kweli za mbao kipimo kinachokubalika ni nyuzi zisihame zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 15 za urefu, na kwa ndege zetu ukishika hicho hicho uko salama sana.

6. Mbao nyingine, na za kwetu

Mahali pa kubeba mkazo mkubwa pahali padogo, balsa haifai hata iwe ngumu vipi. Ukuta wa kufungia mota, mahali pa magurudumu, weka plaiwudi ya bachi (mti mgumu wa Ulaya, birch) ya milimita 3. Ni nzito, inafika karibu kilo 700, ndo maana unaweka kipande tu. Plaiwudi ya dari ya kawaida ya hadwea nishaikata nikakuta ndani ina matundu na gundi nyingi kuliko mbao, skrubu zinalegea na kutoka kwa mtetemo wa mota. Ukiilazimisha, ikate kipande ukichungulie ubavuni kwanza.

Sprusi ndo mbao ya mihimili tangu zamani, ndugu Wright mwaka 1903 waliitumia kwenye ndege yao pamoja na mbao ya ash, uzito wake kama 400 na kidogo. Kuipata huku kazi. Mi natumia paini, hizi hizi za mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, unakwenda kwa fundi seremala unaomba akuchagulie kipande kilichonyooka kisicho na macho, pete za mti ziwe zimebanana. Anachana fito za milimita 5 kwa 5 kwa bei ya soda. Ni nzito kuliko balsa ngumu mara mbili, kwa hiyo fito nyembamba zaidi inatosha. Mninga, mkongo, sahau, hizo ni za kabati. Mpingo unazama kwenye maji, usinichekeshe.

Mianzi ndo siri. Vile vijiti vya mishikaki vya milimita 3, pakiti nzima bei chee, vinafaa kwa vigingi vya kufungia bawa kwa raba bendi, kuunganisha mabawa mawili, fimbo za kusukuma mkia kutoka kwenye sevo (kale kamota kadogo kanakoendesha mkia). Chagua vilivyonyooka, vizungushe kwenye kioo uone vinavyocheza vitupe. Nimevunja ndege nzima na vijiti vikabaki vizima.

Alafu wale mliocheza na magari ya mabua utotoni mnajua kitu ambacho wahandisi walikitumia vitani. Bua lina ganda gumu nje na moyo mwepesi ndani, ndo maana linabeba bila kuwa na uzito. Ile ndege ya kivita Mosquito ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, bodi lake lilikuwa plaiwudi ya bachi nje na ndani, balsa katikati. Bua hilo hilo, limepigiwa hesabu tu. Ukitaka mkia mgumu na mwepesi fanya vilevile, balsa nyepesi katikati, alafu uso wake upake karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Unaongeza gramu mbili tatu unapata ugumu wa ajabu.

7. Kutunza, hasa wa pwani

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ina maji. Balsa inakunywa. Shiti nililopima asubuhi ya kiangazi nikalipima tena wakati wa masika lilikuwa limeongeza gramu, kwa hiyo pima mashiti yote siku moja ndo ulinganishe. Yalaze bapa juu ya kitu kilichonyooka, weka kitabu kizito juu. Ukiyaegemeza ukutani wiki mbili utakuta yamekuwa upinde. Na panya wanaipenda, sijui kwanini, funga.

8. Ukishakata, pima tena

Watu wanapima mashiti vizuri alafu wanasahau vipande. Kabla ya gundi weka mbavu zote za kushoto kwenye mzani, alafu za kulia. Mkia wote, andika. Gundi yenyewe weka kidogo, super glue kwenye balsa inakimbia ndani kama chai kwenye andazi na kila tone ni uzito, fungua dirisha pia maana moshi wake unachoma macho.

Bawa likiisha, kabla hujalifunika, lisimamishe kwenye ncha za vidole katikati yake uone linalala wapi. Likilala kushoto piga msasa kwenye ncha ya kushoto kwanza, kawaida kuna kibonge cha balsa pale ambacho hakikumbwi sana. Likiendelea kulala, toboa ncha ya kulia kwenye kile kibonge, ingiza kipande cha chubwi ukubwa wa punje ya mchele, jaribu tena, likikaa sawa ndo uweke tone la gundi.